Turudishiwe Duru ya Pili

Baba na mama wa Bukavu, wa Ibanda, Kadutu na Bagira, sikieni.

Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, Yothamu anapanda juu ya mlima Gerizimu na kuwapazia sauti watu wa Shekemu. Anawasimulia habari za miti iliyotaka kujiwekea mfalme. Mzeituni ukakataa, mtini ukakataa, mzabibu ukakataa, na mti wa miiba ukakubali mara moja. Mara nyingi sura hii ikihubiriwa, lawama huangukia miti mizuri iliyokataa. Leo nataka tuitazame ile miti mingine, iliyokuwa inatafuta mfalme. Kwa sababu huku kwetu mzeituni haukukataa. Ulisimama, ukaomba kura, na sisi tuliokuwa tunausifu tukaupita.

Oktoba 2023 Daktari Denis Mukwege alitangaza kwamba atagombea urais. Ni mtoto wa Bukavu, mwanzilishi wa hospitali ya Panzi, mshindi wa Nobeli ya Amani ya 2018. Matokeo yalipotangazwa baada ya kura za Desemba, hakufikisha hata asilimia 1. Sababu ni nyingi, na sitazificha. Alichelewa kuingia, hakuwa na chama chenye mizizi majimboni, na uchaguzi wenyewe ulijaa kasoro ambazo waangalizi wa makanisa walizieleza. Lakini kuna sababu moja iliyokuwa inatembea midomoni mwetu wenyewe, sokoni, katika teksi, hata mlangoni pa kanisa: “Muganga tunamupenda, lakini hataweza. Kura yangu nitaitupa bule?”

Ndugu zangu, sentensi hiyo imeua wagombea wengi kuliko rushwa. Nani aliyetufundisha? Ni sheria iliyotufundisha, na sheria hiyo ina tarehe.

Katiba tuliyoipigia kura ya maoni, ikatangazwa Februari 2006, ilisema rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura. Asipopata, wawili wa kwanza wanarudi kwa wananchi. Tarehe 30 Julai 2006 tukapiga kura. Joseph Kabila akapata asilimia 44.81, Jean-Pierre Bemba asilimia 20.03, na wa tatu akawa mzee Antoine Gizenga, aliyekuwa naibu wa Lumumba katika serikali ya 1960, kwa asilimia 13.06. Tazameni kilichofuata, maana hapo ndipo penye siri yote. Kabila, pamoja na Kivu Kusini kumpa zaidi ya asilimia 90, hakutosheka na sisi. Ilimbidi aende kwa mzee wa watu. Gizenga akamuunga mkono, na kabla mwaka haujaisha akateuliwa waziri mkuu. Waliompigia Gizenga Julai hawakuitupa kura. Walimpa kiongozi wao uzito, wote wakauona, naye akaingia nao mezani.

Januari 2011, mwaka wa uchaguzi, mabunge mawili yakakutana pamoja Kinshasa na kubadili vifungu vinane vya katiba kwa siku chache. Kifungu cha 71 kikasema sasa wingi wa kawaida unatosha. Duru ya pili ikafutwa. Novemba ya mwaka huohuo Kabila akatangazwa mshindi kwa asilimia 48.95, Étienne Tshisekedi akapewa 32.33, na wa tatu akawa Vital Kamerhe, mtoto wa Kivu Kusini, kwa 7.74. Huyo wa tatu alipewa nini na sheria? Hakuna. Hakuna aliyelazimika kumpigia hata simu.

Wanasema, lakini wapinzani si wanaweza kuungana kabla ya kura? Ndiyo, na tumeona wanavyoungana. Tarehe 11 Novemba 2018 viongozi saba wa upinzani walimchagua Martin Fayulu huko Geneva awe mgombea wao mmoja. Kesho yake Félix Tshisekedi na Kamerhe wakaondoa saini zao. Tarehe 23 wakasaini mkataba wao wawili huko Nairobi. Mimi siwahukumu kwa kupatana, siasa ni kupatana. Ninauliza: wewe mama wa Bagira ulikuwa wapi? Kila mmoja alidai ana watu wengi kuliko mwenzake, na hakuna aliyewahesabu. Duru ya pili inaugeuza mpango huo. Kwanza wewe unasema, kura zinahesabiwa, kisha wakubwa wanajadiliana wakijua kila mmoja amebeba nini. Katika uchaguzi wa mwaka ule Félix Tshisekedi alitangazwa rais kwa asilimia 38.57. Hata tukiyapokea matokeo hayo kama yalivyo, na maaskofu Wakatoliki wa CENCO walisema hayalingani na takwimu zao, zaidi ya wapiga kura sita katika kumi walikuwa wamemtaka mtu mwingine.

Kuna watu waaminifu wanaoogopa duru ya pili. Wanakumbuka Agosti 2006, askari wa Kabila na wa Bemba walipopigana Kinshasa baada ya duru ya kwanza. Hofu yao naiheshimu. Lakini 2011 duru ilikuwa moja, na bado watu walikufa Kinshasa. Aliyeleta risasi ni yule mwenye jeshi lake binafsi, na dawa yake haiwezi kuwa kumnyang'anya raia kura ya pili. Wengine wanasema gharama. Wamesahau kwamba tarehe 29 Oktoba 2006, siku ya duru ya pili, tulichagua pia wabunge wa jimbo. Safari moja, kazi mbili.

Majirani zetu Wakenya walijifunza kwa uchungu. Mwaka 1992 rais Moi alibaki ikulu kwa karibu asilimia 36, kwa sababu Matiba, Kibaki na Jaramogi Odinga waligawana zilizobaki. Katiba yao ya 2010 inataka zaidi ya nusu ya kura. Kwa nini Mkongomani astahili kidogo kuliko Mkenya?

Na ubunge? Hapo pana mlango mwingine uliofungwa. Tangu sheria ya Desemba 2017, orodha isiyofikisha asilimia 1 ya kura za nchi nzima haipati kiti hata kimoja kati ya vile 500 vya bunge la taifa. Zikihesabiwa kura kama milioni 18, asilimia hiyo ni kama 180,000. Mwalimu anayependwa na Kadutu nzima, asiye na chama, akigombea peke yake, atazitoa wapi? Anaweza kuongoza hapa kwetu, na kiti kikaenda kwa mtu wa chama kikubwa aliye nyuma yake. Huo ni wizi uliovaa suti ya sheria.

Mtaniambia: mhubiri, Februari 2025 waasi wa M23 waliingia mjini, nawe unatuhubiria kura? Ndiyo, ninahubiri. Oktoba 2024 rais alisema akiwa Kisangani kwamba ataunda tume ya kutazama upya katiba. Kifungu cha 219 kinakataza kuibadili wakati wa vita, na kikatazo hicho tukilinde. Tukilinde zaidi kifungu cha 220, kinachosema idadi na urefu wa mihula ya rais haviguswi. Yeyote atakayekuja kutuuzia duru ya pili huku mkono wa nyuma umeshika muhula wa tatu, tumkatalie vyote viwili. Lakini siku amani itakaporudi na kitabu kufunguliwa kwa haki, watu wa Bukavu wasikutwe bila neno.

Basi jifunzeni neno hilo sasa. Siku wagombea watakaporudi na vitenge na tisheti katika uwanja wa Concorde, kabla hamjapokea kitu, mmoja wenu asimame amuulize mgombea mbele ya wote: utapiga kura kurudisha duru ya pili katika kifungu cha 71? Utaondoa ile asilimia 1? Utakiacha 220 kama kilivyo? Katika kila shirika muwe na daftari. Andikeni jina, tarehe na jibu, ndiyo au hapana, na akikwepa andikeni amekwepa. Kisha lisomeni kwa sauti Jumapili ya mwisho kabla ya kura, wazee na vijana wakiwapo.