Kuifunga Sumu Ardhini, Je, Ni Kulipa Deni?

Mtu akiitia sumu ardhi ya jirani yake, kisha akamlipa fedha, je, dhima yake imekwisha? Suala hili si la kukisia. Katika mtaa wa Owino Uhuru, hapa Mombasa, kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu tangu 2007 hadi 2014 kiliacha risasi katika udongo na katika damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na ardhi isafishwe. Fidia ile ilitenguliwa 2023, ikarudishwa na Mahakama ya Juu 2024.

Fedha yahesabika. Ama udongo, hapo ndipo penye uzito, kwani risasi haiozi wala haitoweki kwa kupita miaka.

Wataalamu hutaja njia mbili. Ya kwanza ni kupanda mimea, kama alizeti na haradali, iyanyonye madini. Lakini risasi hushikamana mno na udongo, na mmea huitwaa kidogo kidogo; kazi hiyo yaweza kuchukua makumi ya miaka. Tena mmea ulionyonya sumu nao huwa sumu: haufai kulishwa mbuzi wala kufanywa kuni. Mwenye kuung'oa akautupa kwa watu wengine hakuondoa dhara, amelihamisha.

Ya pili ni kuuchanganya udongo na fosfeti. Mwaka 2011, katika mtaa wa South Prescott mjini Oakland, Marekani, walianza kutumia unga wa mifupa ya samaki, ile ile tunayowatupia paka! Fosfeti huifunga risasi ikawa jiwe lisiloyeyuka kwa wepesi, hata mtoto akimeza vumbi, kidogo tu huingia damuni. Lakini risasi ingali pale pale.

Huenda mtu akasema: madhali dhara limepungua, deni limekwisha. Sisi hatukubali. Aliyeifunga sumu amepata muhula, hakuachiliwa. Yampasa aupime udongo ule kila muda, na iandikwe katika hati ya kiwanja, ili mnunuzi na mchimba msingi wajue kilichomo.

Wala hatusemi njia hii iachwe. Mtoto atambaaye leo hawezi kuingoja alizeti. Ifanywe kwanza, na upesi, kwa gharama ya aliyeharibu na ya aliyempa ruhusa. Mkazi asiambiwe ajinunulie mbolea.