Mwenye Nyumba ya Wageni na Kazi Isiyoponya



Safari hii tunataka kufikiri pamoja nanyi juu ya swali lililotukaa moyoni tangu ndugu yetu mmoja, fundi seremala, alipougua figo. Swali lenyewe ni hili: kazi isiyoponya ina thamani gani? Sisi ni watu tunaopenda uponyaji. Tukisikia kwamba aliyelala kitandani ameinuka na kutembea, ngoma zinalia mpaka usiku, na jambo hilo linasimuliwa kutoka parokia hadi parokia. Ni vyema. Lakini yule anayemhudumia mgonjwa ambaye mikono yake haitamponya, anayemhudumia leo, na keshokutwa, na wiki ijayo tena, huyo tunamhesabu kuwa nani? Na mgonjwa mwenyewe, ambaye kila wiki anarudi palepale, tunamhesabu kuwa nani?

Wengi wenu hamjaona mashine ya dializi, yaani mashine ya kusafisha damu. Tueleze kwanza.

Mungu ametupa figo mbili, kila moja kama ngumi ya mtu. Kazi yao ni kuchuja damu usiku na mchana, na kutoa uchafu na maji ya ziada kwa njia ya mkojo. Presha ya muda mrefu inaweza kuziua, ugonjwa wa sukari vilevile, na hata dawa zinazonywewa ovyo. Figo zikifa, uchafu unabaki katika damu, maji yanajaa mwilini, miguu inavimba, mtu anakosa pumzi. Ndipo inapohitajika mashine. Damu inatolewa mkononi kwa mpira, inapita katika kichujio chenye maelfu ya nyuzi nyembamba zilizo wazi ndani, na nje ya nyuzi hizo yanapita maji safi yaliyochanganywa na chumvi za kipimo. Uchafu unahamia upande wa maji, damu inarudi mwilini. Inachukua saa nne hivi. Kwa kawaida inatakiwa mara tatu kwa wiki. Katika nchi zetu wengi wanafanyiwa mara mbili tu kwa sababu ya pesa. Na mashine haiponyi figo. Mgonjwa akiinuka kitini, uchafu unaanza kukusanyika upya kabla hajafika nyumbani.

Tulimsindikiza ndugu yetu hadi Kampala. Tulipita Beni, tukashuka Kasindi, tukavuka Mpondwe, na kila aliyesafiri njia hiyo miaka hii anajua moyo unavyodunda mpaka mpakani. Huko Kampala tulikuta binti mmoja wa Kikonjo, mzaliwa wa upande wa Kasese, ndiye aliyekuwa mhudumu wa mashine. Lugha yake na Kinande chetu ni ndugu, kwa hiyo tulielewana tangu salamu. Tulikaa karibu na kiti siku kadhaa, tukamtazama akifanya kazi.

Kwanza alimpima mgonjwa uzito. Ukiona kilo mbili au tatu zimeongezeka tangu juzi, hayo si mafuta, ni maji, na yeye ndiye anayehesabu ni kiasi gani kitolewe. Akitoa kidogo, mtu atakosa pumzi usiku. Akitoa kingi na upesi, presha itaanguka na mtu atazimia kitini. Kisha presha. Kisha alishika mkono ambao waganga walikuwa wameunganisha mishipa miwili kwa upasuaji, akaweka kiganja juu yake, akanyamaza. Tulidhani anaomba. Alikuwa anasikiliza kwa vidole kama mshipa bado unatetemeka, maana ukiacha kutetemeka njia imeziba. Halafu sindano mbili, nene, moja ya kutoa na moja ya kurudisha. Baada ya hapo hakwenda kukaa. Presha tena, na tena. Kutazama uso, kwa sababu uso unabadilika kabla ya mashine kupiga kelele. Umeme ukikatika na mashine ikasimama, kuna mkono wa chuma wa kuzungusha, ili damu iliyo njiani irudi kwa mwenyewe isije ikaganda katika mipira. Binti yule alituonyesha mkono huo ulipo. Alisema mhudumu anaujua hata gizani.

Na maji! Hatukujua kwamba katika kikao kimoja yanapita kwenye kichujio maji kama lita 120. Maji ya kunywa hayatoshi kwa usafi wake. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazil, wagonjwa zaidi ya 50 walikufa kwa sababu maji ya dializi yalikuwa na sumu ya vimelea vya bwawani. Basi kuna mtu anayepima maji kila siku kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, na hakuna mgonjwa anayemjua kwa jina.

Binti alimfundisha ndugu yetu pia kula. Hapo palikuwa pagumu. Ndizi, maharagwe, sombe, viazi vya Lubero, parachichi: yote yana potasiamu nyingi, na potasiamu ikizidi inasimamisha moyo. Viazi avimenye, aviloweke, avichemshe, maji yamwagwe, kisha avichemshe tena kwa maji mapya. Maji ya kunywa kwa kikombe cha kupimwa. Mama yake alilia aliposikia, kwa sababu kwetu mgonjwa anajazwa chakula na kinywaji, ndiyo upendo wenyewe. Binti alimwambia, "Mama, ukimnyima nusu kikombe umempa siku." Tuliandika neno hilo.

Sasa tuseme habari zetu wenyewe, na hapa hatuna pa kujificha.

Mchango wa kwanza ulikuwa mkubwa. Akina mama wa soko walitoa, wamotari walitoa, hata wakimbizi walitoa. Mchango wa pili ulikuwa mzuri. Mwezi wa tano watu walianza kuuliza, "Lakini atapona lini?" Tulipojibu kwamba mashine haiponyi, tuliona nyuso zinafunga. Wengine walisema kwamba anayetegemea mashine ameacha imani. Wengine walikumbuka kwamba kabla ya kuugua alikuwa haonekani sana ibadani. Wengine walinong'ona kwamba zamani alichelewesha meza ya mtu. Tazameni: tulipochoka kutoa, tulianza kumtafutia makosa. Kutoka mara mbili kwa wiki akashuka mara moja. Sisi viongozi tuliona, tukanyamaza, maana sanduku lilikuwa limekuwa jepesi na sisi pia tulikuwa tumechoka.

Hatukuwa watu wa kwanza. Huko Seattle, Marekani, mganga Belding Scribner alipata mwaka 1960 njia ya kuunganisha mashine na mkono mara nyingi bila kuharibu mishipa. Mgonjwa wake wa kwanza aliishi miaka kumi na mmoja zaidi. Lakini viti vilikuwa vichache na wenye kufa walikuwa wengi. Basi mwaka 1962 waliweka kamati ya watu saba, miongoni mwao mchungaji mmoja, ichague nani akae. Kamati ilitazama umri, ndoa, watoto, kazi, kipato, na hata bidii ya mtu kanisani. Ndiyo, kanisani. Tuliposoma habari hiyo tuliona aibu, kwa sababu tulijikuta tumo ndani yake. Watu wengi nchini mwao walishtuka vilevile, na mwaka 1972 wabunge wao walipitisha sheria kwamba serikali itabeba gharama. Kenya nayo ilianza mwaka 2015 kupeleka mashine katika hospitali za kaunti. Kwetu mzigo ungali wa familia na wa sanduku la Jumapili.

Kuna habari nyingine ya kale zaidi. Aliyetengeneza mashine ya kwanza iliyookoa mtu ni Willem Kolff, katika mji mdogo wa Kampen, Uholanzi, wakati nchi yake imekaliwa na Wajerumani. Alitumia ngozi za karatasi za kutengenezea soseji na pipa la kuzunguka. Tangu mwaka 1943 alijaribu wagonjwa kumi na sita, na kazi yake haikuonekana kuwa imeokoa mtu. Wa kumi na saba, mwaka 1945, alikuwa bibi wa miaka 67 aliyeletwa kutoka kifungoni, kwa sababu wakati wa vita alikuwa upande wa maadui. Wengi mjini walitamani afe. Kolff alimweka kwenye mashine. Bibi akafumbua macho, akaishi miaka mingine saba.

Ninyi wa Beni na Butembo mnajua maana ya neno adui, kuliko hao Waholanzi pengine. Hatusemi ni jambo rahisi. Tunasema tu kwamba mashine ile ingebaki chini ya ukungu kama aliyeishika angeuliza kwanza, "Huyu anastahili?"

Na hapa kwetu je? Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 walikufa. Tunakumbuka yaliyosemwa, na tulisema nasi, kwamba ni biashara ya watu. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili mganga kutoka Kameruni, Richard Mouzoko, aliuawa hapa mjini akiwa kazini. Lakini katika miezi hiyohiyo walikuwako waliopona Ebola ambao walirudi kwa hiari kuwalea watoto wachanga ambao mama zao wamelazwa. Hawakuwa waganga. Walimshika mtoto, wakamnywesha, wakamwimbia, kwa kuwa miili yao ilikuwa imekwisha kuushinda ugonjwa. Baadhi ya watoto wale walikufa mikononi mwao. Je, tuseme kazi yao ilikuwa bure?

Sasa mtu atasema, na ni haki aseme: sanduku letu ni moja. Kuna yatima, kuna wakimbizi wa upande wa Mbau na Eringeti, kuna karo za shule. Pesa za kusafisha damu ya mtu mmoja mwaka mzima zingesomesha watoto wengi. Ni kweli, na hatuna jibu la kuliondoa neno hilo. Kuna siku parokia itasema, "Hatuna." Kusema hatuna si dhambi, maskini anaweza kusema hatuna akilia, na mgonjwa akaelewa. Dhambi yetu ilikuwa nyingine. Tulikuwa tumepungukiwa, tukasema, "Hastahili." Tulichukua umaskini wetu tukauvika mgonjwa kama kosa lake, ili tulale vizuri. Binti wa Kampala naye hana uwezo wa kuongeza viti. Lakini aliyefika kitini hakumwuliza dini, wala kabila, wala kama atapona.

Katika habari ya Musamaria mwema tumehubiri mara nyingi juu ya Musamaria, juu ya kuhani aliyepita kando, hata juu ya punda. Nani amehubiri juu ya mwenye nyumba ya wageni? Musamaria alikaa usiku mmoja, akaacha dinari mbili, akaenda. Yule mwingine alibaki na vidonda vya kuosha, na matandiko ya kufua, na mgonjwa asiyejulikana atapona lini. Hatukuambiwa hata jina lake. Na Musamaria mwenyewe alijua kwamba dinari mbili zinaweza zisitoshe, ndiyo maana aliahidi kulipa kitakachozidi.

Ndugu yetu alirudi nyumbani pesa zilipokwisha. Alilala siku tisa, akatutoka. Tuliimba vizuri sana kwenye mazishi. Mchango wa mazishi, tuseme ukweli, ulipita ule wa mwezi wa tano.

Juma lililofuata simu ya mzee wa parokia ililia. Alikuwa yule binti, anaongea Kikonjo. Alisema, "Baba, nisamehe kukusumbua. Nimemtazamia Jumatatu, nimemtazamia Alhamisi, kiti chake nimekiweka. Njia imefungwa huko Kasindi?"

Mzee alikaa kimya mpaka salio la binti likakatika. Alimpigia yeye baadaye.

Wapendwa, dada mmoja wa kwaya ameambiwa mwezi huu kwamba figo zake zimekufa. Ana watoto wanne. Jumapili ijayo baada ya ibada tutakaa, wazee, akina mama na vijana, kuamua tutaahidi kiasi gani kila mwezi, na kwa miezi mingapi kabla ya kuhesabu tena. Kila mmoja aje na kiasi anachoweza kutoa hata mwezi wa kumi, si kile cha siku ya kwanza. Dada mwenyewe ameomba awepo kikaoni, asikie kwa masikio yake, na tumemkubalia.