Mwanafunzi Ugenini na Habari za Kwao

Tarehe 7 Oktoba 2021, ilipotangazwa kwamba Tuzo ya Nobel ya Fasihi amepewa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, maneno mengi yalisemwa nchini mwetu. Wengine walishangilia, wengine walibishana kama mtu aliyeondoka kwao kijana akazeekea Uingereza ni wetu au si wetu. Ubishi huo twauacha kwa wenye kuupenda. Katika vitabu vyake limo jambo zito zaidi, nalo lagusa nyumba nyingi za wasomaji wetu, hasa zile zenye kijana anayesoma ng'ambo. Je, mgeni anayetaka kupokewa ana ruhusa ya kuwapa wenyeji habari za kwao jinsi wapendavyo kuzisikia? Na akifanya hivyo, kosa ni la nani?

Gurnah alizaliwa mwaka 1948. Miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964 aliondoka Unguja akiwa na umri wa miaka 18, akaenda Uingereza kutafuta masomo. Alikaa Canterbury, akasoma, akafanya pia kazi ya utumishi hospitalini ili apate riziki. Kwa Wakatoliki jina la mji huo si geni: ndipo Askofu Mkuu Thomas Becket alipouawa ndani ya kanisa kuu lake mwaka 1170, na kwa karne nyingi mahujaji walimiminika huko. Kijana wa Unguja naye alifika, ila hapakuwa na mtu aliyemngoja.

Tena alifika wakati mbaya. Mwanzoni mwa mwaka 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha kwa haraka, kwa siku chache tu, sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya waliokuwa na pasi za Kiingereza. Tarehe 20 Aprili mwaka huohuo mbunge Enoch Powell alihutubia mjini Birmingham, akawatia watu hofu juu ya wageni weusi na wa Asia. Siku chache baadaye makuli wa bandari ya London waliandamana kumwunga mkono.

Yafaa kukumbuka Powell alikuwa mtu wa namna gani. Hakuwa mjinga. Alipewa uprofesa wa Kigiriki akiwa na miaka 25, alitunga mashairi, na katika hotuba ile alikopa mfano wa mto Tiber kutoka katika utenzi wa Virgil. Nao utenzi huo wasimulia nini? Wasimulia watu ambao mji wao Troya uliteketezwa, wakakimbia, wakavuka bahari wakitafuta nchi ya kuwapokea! Haya basi, mtu aweza kukijua kitabu kwa moyo, asimwone mkimbizi aliyemo ndani yake. Twalitaja jambo hili kwa sababu wako wanaodhani ya kuwa kusoma fasihi kwatosha kuondoa ubaguzi moyoni. Hakutoshi.

Utenzi huohuo aliusoma shuleni Mwafrika mmoja wa kale, naye akaulilia kwa machozi. Augustino, mtoto wa Thagaste katika nchi iitwayo leo Algeria, alikwenda Roma mwaka 383, na mwaka uliofuata akapata kazi ya kufundisha ufasaha wa maneno huko Milano. Kilatini alikijua tangu utotoni, na kwa ufasaha aliwapita wenyeji wengi. Hata hivyo mwaka 386 aliandika kwamba Waitalia walikuwa bado wakimsumbua kwa ajili ya matamshi yake. Msomi mkubwa, mwalimu katika mji wa Kaisari, na bado masikio ya wenyeji yalimtafuta Mwafrika katika kila silabi! Kijana wetu aliyechekwa darasani jana huko Ulaya au Marekani ajue ya kuwa ana mwenzake wa tangu zamani.

Lakini Augustino atufaa kwa sababu nyingine zaidi. Katika Maungamo asimulia jinsi alivyojiandaa kutoa hotuba ya kumsifu Kaisari. Hotuba ilijaa uongo, na wale ambao wangemshangilia walijua kabisa kwamba ni uongo. Njiani alimwona mwombaji mlevi akicheka, akajiona yeye ni maskini kuliko mtu yule. Hiyo ndiyo ilikuwa ngazi ya kupandia kwa mtu wa mikoani: kumsifu mkubwa kwa maneno yasiyo kweli. Baadaye, alipoandika juu ya uongo, hakuruhusu hata mmoja, hata ule wa kumsaidia mtu. Watu humwona mkali mno. Sisi twadhani ni ukali wa mtu aliyewahi kuuza maneno, anayejua bei yake.

Sasa turudi kwa Gurnah. Mwaka 1996 alitoa riwaya iitwayo Admiring Silence. Msimulizi, ambaye hatajwi jina, ni mtu wa Unguja aliyekwenda Uingereza kusoma, akaishi na mwanamke wa huko aitwaye Emma, wakapata binti. Baba yake Emma ni mzee anayependa sana habari za dola ya zamani ya Waingereza. Mgeni atambua upesi kinachomfurahisha mzee, naye humpa: hadithi za watawala wema na wenyeji wenye shukrani, zote amezipika mwenyewe. Mwanzoni ni mzaha, njia ya kumcheka mzee chini kwa chini. Emma naye apewa habari za ukoo uliotengenezwa upya, hata juu ya baba mzazi wa msimulizi. Miaka yapita, na hadithi zimekwisha kuwa nguzo za nyumba.

Kisha, baada ya miaka 20 hivi, apata nafasi ya kurudi Unguja. Huko mama yake na jamaa hawajui lolote la Emma wala la binti. Wamekwisha kumtafutia mchumba. Anaposema kweli, nyumba nzima yafadhaika. Arejea London, na Emma amwambia kuwa anamwacha. Huyu ni mtu mwenye nyumba mbili, na hakuna hata moja iliyowahi kumjua.

Msomaji aweza kusema, amevuna alichopanda. Sisi hatuna haraka hivyo ya kumhukumu. Tumezoea kudhani kwamba ubaguzi husema neno moja tu, "Toka!" Pengine husema, "Karibu, keti, utusimulie," huku jibu umekwisha kuliandaa, na mgeni akisimulia kitu kingine uso wa mwenyeji hubadilika. Mwanafunzi aliye peke yake, mwenye baridi na deni la kodi ya chumba, huona mabadiliko hayo ya uso kuliko mtu yeyote.

Mtakatifu Toma wa Akwino alitofautisha uongo wa mzaha, uongo wa kumfaa mtu, na uongo wa kudhuru; wote ni kosa, lakini wa tatu ndio mzito. Uongo wa mgeni huyu umepita katika vyumba vyote vitatu: alianza kwa kucheka, akaendelea kwa kujisaidia, na mwishoni binti yake mwenyewe akakua bila kuwajua watu wa baba yake. Lakini Toma huyohuyo akubali ya kuwa yaruhusiwa kuficha kweli kwa busara. Kunyamaza si kudanganya. Kijana halazimiki kuanika fedheha za kwao mbele ya kila anayemkaribisha chai, wala kutoa machozi ya njaa ambayo hakuiona ili ahurumiwe. Aweza kusema, "Hayo siyasemi leo." Ni jibu gumu kwa mtu anayehitaji rafiki, lakini halimvunji.

Hata hapa, hata hivyo, tumegusa nusu ya jambo tu, maana yule mtu aliwadanganya pia watu wa kwao. Katika riwaya nyingine, Pilgrims Way ya mwaka 1988, yumo Daud, kijana Mtanzania atumikaye hospitalini katika mji wa Kiingereza wenye kanisa kuu. Masomo yamemshinda. Hutunga barua kichwani mwake ambazo hazifiki posta. Tujiulize kwa nini hazifiki.

Familia huuza ng'ombe au kipande cha shamba, majirani huchanga, kijana huagwa kwa sala na kwa picha. Tangu siku hiyo hana ruhusa ya kushindwa. Akipiga simu twamwuliza, "Habari za masomo?" na jibu linalokubalika ni moja. Usiku anaosha wazee wagonjwa, mchana anasinzia darasani. Atuma picha amesimama karibu na gari la mtu mwingine, nasi twaionyesha picha hiyo kwa majirani. Siku atakapothubutu kusema kwamba leo ametukanwa kwa ajili ya rangi yake, aambiwa, "Vumilia, usituaibishe." Mara nyingine hata hilo halisemwi, aulizwa tu lini atatuma ada ya mdogo wake. Mwenyeji wa huko amtaka asimulie Afrika isiyokuwapo. Nasi huku twamtaka asimulie Ulaya isiyokuwapo. Wazazi wanaosikitika kwamba mtoto wao amekuwa mgeni kwao wakumbuke maswali waliyomwuliza, na yale ambayo hawakumwuliza kamwe.

Wala tusidhani kwamba kuwapokea vibaya wageni ni ugonjwa wa Wazungu tu. Nchi yetu ilifanya tendo kubwa, lililokamilika mwaka 2014, la kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 waliotoka Burundi mwaka 1972, pamoja na watoto wao. Hata hivyo mtoto aliyezaliwa hapa, akikosea matamshi ya neno moja darasani, aweza kuulizwa kwao ni wapi. Waitalia wa Milano wangeelewana vema na wanaouliza swali hilo.

Gurnah alianza kuandika akiwa na miaka 21 hivi, kwa Kiingereza, ijapokuwa Kiswahili ndiyo lugha yake ya kwanza. Katika hotuba aliyoitoa mwaka 2021 kwa ajili ya tuzo alieleza jinsi alivyoona historia ya kwao ikirahisishwa, akaona imempasa kukataa. Riwaya yake Paradise, ya mwaka 1994, haimfurahishi mpenda dola, wala haimfurahishi anayetaka kuambiwa kwamba pwani na bara yetu zilikuwa bustani kabla ya Wajerumani. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis aliitoa kwa Kiswahili, nayo yaitwa Peponi. Mkuki na Nyota ndio walioichapa. Mvulana Yusuf aondoka kwao akiwa na umri wa miaka 12, akifuatana na tajiri ambaye amezoea kumwita mjomba. Baba yake ana deni kwa mtu huyo, na mtoto ndiye rehani. Nyumbani hakuna aliyemwambia. Habari aipata dukani kwa tajiri, kutoka kwa Khalil, kijana mwenzake, ambaye naye aliwekwa rehani kabla yake.