Pima Kwanza Mtutu



Sisi tuishio Mpanda, pamoja na wenzetu wa Inyonga na Mpimbwe, tunalijua gobore. Hata asiyewinda amemwona mzee mwenye kibali akijiandaa kwenda porini, nje ya mipaka ya Katavi, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1974. Tutazame vizuri anachofanya.

Kwanza hagusi baruti. Hutwaa mdeki, ule ufito wa kushindilia, akautumbukiza mtutuni, kisha huangalia umezama kiasi gani. Ukifika chini, mtutu ni mtupu. Ukikwama njiani, ndani mna kitu: pengine nyigu wamejenga kwa udongo wakati wa masika, pengine ni baruti na risasi za safari iliyopita, zilizosahauliwa. Akishindilia nyingine juu yake, mtutu waweza kupasuka, na atakayeumia si mnyama. Ni yeye na aliye karibu naye. Ndipo huosha masizi kwa maji ya moto, hukausha, hupaka mafuta. Maana masizi ya baruti huvuta unyevu na kuleta kutu ndani, hata kama bunduki inang'aa kwa nje.

Je, mioyo yetu? Jumapili tunavaa nguo safi na kukaribia Meza ya Bwana. Kwa nje tunang'aa. Lakini ndani imebaki risasi ya mwaka jana: maneno ya jirani juu ya mpaka wa shamba, ugomvi wa mahari, ndugu tusiyesalimiana naye ingawa tunakaa benchi moja. Twasema tumekwisha kusahau. Hatujasahau, tumetundika ukutani. Yakija maudhi mapya, tunayashindilia juu ya yale ya zamani. Siku yakilipuka, wanaoumia ni watoto wetu.

Bwana wetu alifundisha (Mathayo 5:23-24) kwamba anayekumbuka madhabahuni kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka yake pale, akapatane naye kwanza. Wala hakuuliza nani alianza.

Basi Jumamosi jioni, tunapojiandaa kwa Ushirika Mtakatifu, tupige magoti na kupima. Jina la mtu likikwama moyoni, tusishindilie sala juu yake. Tuchukue taa, tumwendee.

Bwana atujalie mioyo mitupu, apate kuijaza Yeye mwenyewe. Amina.