MTI WA KRISMASI NA MTI WA MBUYU

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad na jamaa zake na masahaba zake. Amma baadu.

Muislamu wa pwani aendaye kwa biashara hata Lamadi, mji ulio kando ya Ziwa Viktoria katika njia ya Mwanza kwendea Musoma, hukaa kati ya majirani Wakristo. Ufikapo mwezi wa Disemba, huona mti umesimamishwa ndani ya nyumba, umetiwa taa na mapambo. Wako wachekao, na wako watukanao. Na ajue kwanza asili yake, kwani kuhukumu bila ya ilimu ni dhulma.

Mti huu haumo katika Injili. Umetoka nchi za Wajerumani na jirani zao. Mwaka wa 1605 iliandikwa khabari ya watu wa Strasbourg, kwamba husimamisha misonobari vyumbani mwao na kuitungika matofaa, na mawaridi ya karatasi, na vitu vitamu. Uingereza ulienea khasa baada ya mwaka wa 1848, ilipochapwa gazetini picha ya Malkia Victoria na watu wa nyumba yake wameuzunguka mti wao. Kisha Wazungu wakaja nao Afrika. Huku nako, mti wa maua mekundu uliotoka Bukini, yaani Madagaska, kwa kuwa huchanua wakati huo, watu wakauita mkrismasi. Wala jina hilo halikuharamisha kivuli chake.

Basi hiyo ni ada ya watu, si amri ya kitabu. Na katika Suratu Maryamu, mti uliotajwa wakati wa kuzaliwa Nabii Isa ni mtende, ambao mamake aliambiwa autikise apate kula.

Muislamu hausimamishi mti huo nyumbani mwake, kwani ni alama ya sikukuu isiyo yake. Wala hamtukani jirani. Mwenyezi Mungu hakukataza kuwatendea wema na uadilifu wasiowapiga vita Waislamu kwa ajili ya dini yao.

Lakini liko kubwa zaidi. Amchekaye jirani na atazame kwao pwani. Je, hapana mibuyu ifungwayo vitambaa, ikafukizwa ubani, ikawekewa vyakula, na watu waitwao Waislamu wakaiomba watoto na riziki? Mkristo hauombi mti wake, na sikukuu ikiisha huuondoa. Mwenye mbuyu huurudia kwa kila haja.

Mwaka wa 8 wa Hijra, katika safari ya Hunayni, watu waliosilimu karibuni waliupita mkunazi uitwao Dhatu Anwati, ambao washirikina walikuwa wakiutungikia silaha zao. Wakamwomba Mtume awawekee wao mfano wake. Akawakemea, akayafananisha maneno yao na ya Bani Israili waliomtaka Nabii Musa awafanyie mungu.

Ikiwa kutaka tu kulikemewa hivyo, itakuwaje kufunga kitambaa? Aliye na kitambaa juu ya mbuyu na akakifungue kabla ya kuunyoshea kidole mti wa jirani yake, kisha amwombe Mola wake pasipo mti wala mzimu, kwani Yeye yu karibu na amwombaye.

Wa billahi ttawfiq.