Habari ya Kutoa Hesabu

Somo: 1 Samweli 12:1–5



Somo letu latuonyesha Samweli siku ile alipoiweka chini kazi yake. Alikuwa mzee mwenye mvi, naye amewaamua Israeli miaka mingi tangu ujana wake. Watu walikuwa wamekwisha kupata mfalme, wala hapana mtu aliyemshitaki Samweli kwa neno lo lote. Angaliweza kwenda zake nyumbani Rama akapumzika kwa amani. Lakini hakufanya hivyo. Alisimama mbele ya watu wote na mbele ya mfalme mpya, akawataka waseme wazi kama yuko aliyenyang'anywa naye mnyama wake, au aliyeonewa, au aliyempa rushwa ili afumbe macho asione haki. Kama yuko, yeye yu tayari kurudisha. Watu wakamshuhudia kuwa hana hatia, na Bwana mwenyewe akawa shahidi wa neno hilo.

Tazameni, ndugu, hakungoja kuulizwa. Yeye mwenyewe aliomba aulizwe. Maana alijua ya kuwa kazi ile haikuwa mali yake. Aliipokea kwa Mungu kwa ajili ya watu, na mtu aliyepokea amana hana budi kuionyesha.

Sisi wa Unyamwezi neno hili si geni kwetu. Mababu zetu walikuwa wapagazi. Walichukua pembe za ndovu mabegani toka Ujiji na Unyanyembe hata Bagamoyo, safari ya miezi mingi, wakimfuata kirangozi wao. Walipofika pwani mzigo ulishushwa ukapimwa kwa frasila mbele ya watu. Mpagazi mwaminifu hakuona haya mzigo wake ulipopimwa, wala hakusema, Mbona mwanishuku? Kupimwa kwa mzigo ndiko kulikokuwa sifa yake. Aliyefanya ugomvi penye mizani ndiye aliyetia watu mashaka.

Basi na tutazame jinsi neno hili lilivyo katika nchi yetu leo. Katiba yetu ya mwaka wa 1977, katika ibara ya 63, yalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Katika ibara ya 51 imeandikwa ya kwamba mtu aliyeteuliwa na Rais kuwa Waziri Mkuu hawezi kushika kazi hiyo mpaka Bunge limethibitisha uteuzi wake kwa kura. Ibara ya 143 yaweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye kila mwaka hukagua matumizi ya fedha za watu, na taarifa yake hupelekwa Bungeni. Tena iko Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka wa 1995, inayowataka viongozi waandike mali zao na madeni yao. Jirani zetu wa Kenya, tangu Katiba yao ya mwaka wa 2010, huwaita hata mawaziri walioteuliwa na kuwauliza maswali mbele ya Bunge kabla ya kuapishwa.

Watu wengine husema mambo haya ni ya wanasiasa tu. Lakini mimi nasema, hiyo ndiyo mizani ya pwani. Mzigo ni wa watu wote, nao sharti upimwe mbele ya wenyewe.

Wengi wenu mwakumbuka mwezi wa Februari mwaka wa 2008. Miaka miwili kabla yake nchi ilikuwa na ukame, maji ya mabwawa yalipungua, umeme ukawa wa zamu, na kampuni iitwayo Richmond ikapewa mkataba wa kuleta mitambo ya kutoa megawati 100. Mitambo haikuja kwa wakati uliopatanwa. Bunge likaunda kamati teule ya wabunge watano, na mwenyekiti wao alikuwa Dakta Harrison Mwakyembe. Taarifa yao ilisomwa tarehe 6 Februari, watu wakiisikiliza mijini na vijijini. Siku ya pili yake Waziri Mkuu, Bwana Edward Lowassa, akajiuzulu, na mawaziri wawili pamoja naye. Aliyekalia kiti cha Spika siku zile alikuwa Samweli wa kwetu, Bwana Samuel Sitta wa Urambo, aliyefariki mwaka wa 2016. Kisha aliteuliwa Bwana Mizengo Pinda wa Mpanda, huko inakokwenda barabara ipitayo hapa Ipole, naye akathibitishwa na Bunge mwezi ule ule.

Nimeyataja haya, si kwa kuwa napenda kuchimbua mambo yaliyopita, bali kwa sababu yana mafundisho kwa ajili yetu.

Neno la kwanza ni hili: anayeuliza si adui. Wako Wakristo wanaosoma Warumi 13 na kudhani ya kuwa kuitii serikali ni kunyamaza. Lakini mtume Paulo amwita mtawala mtumishi wa Mungu kwa faida yetu. Na mtumishi ni mtu atoaye hesabu kwa aliyemtuma. Nathani alimheshimu Daudi kama mfalme, hata hivyo alikwenda akamwambia dhambi yake usoni. Naye Dakta Martin Luther, alipoieleza Zaburi ya 82 katika mwaka wa 1530, alifundisha kwamba mhubiri anayewaonya watawala waziwazi na kwa uaminifu hafanyi uasi. Bali afadhali hivyo kuliko kunung'unika gizani. Kumbukeni pia wana wa Samweli. Samweli aliwaweka kuwa waamuzi huko Beer-sheba, nao wakapokea rushwa, habari iliyo katika sura ya 8. Mzee huyu hakuwa na doa mikononi, lakini katika uteuzi alikosa. Wazee wa Israeli walipomjia na kumwambia habari za wanawe, katika neno hilo walisema kweli, ijapokuwa katika kutaka mfalme walikosea. Basi kama mtu wa Mungu kama Samweli aliweza kukosea katika kuwaweka watu kazini, ni nani leo asiyehitaji kuulizwa, Mbona umemweka huyu?

Neno la pili: anayeulizwa na asikiwe. Bwana Lowassa, aliyefariki Februari mwaka wa 2024, alikuwa Mlutheri mwenzetu. Siku alipojiuzulu alilalamika Bungeni ya kuwa kamati haikumwita kumhoji, naye alikana kosa mpaka mwisho. Wala hakupelekwa mahakamani kwa jambo lile. Nakumbuka jinsi watu wetu walivyogawanyika. Wako waliosema, Huyu ni wa kanisa letu, hawezi kuwa na hatia. Wengine wakasema, Amejiuzulu, basi ni mwizi. Wote wawili walikosa. Wa kwanza walifanya kanisa kuwa ngao ya kuficha; wa pili waliivunja amri ya nane, itukatazayo kumshuhudia jirani uongo, na ambayo Katekisimo yetu Ndogo yatufundisha kwayo kumtetea jirani na kumnenea mema. Nikodemo aliwauliza wakuu wenziwe kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza, kama tusomavyo katika Yohana 7. Swali lake lafaa Bungeni, nalo lafaa hata chini ya mwembe tunapokaa na kusema habari za watu. Haki ina masikio mawili. Moja ni la mshitaki, na moja ni la mshitakiwa.

Neno la tatu: mkubwa huchukua kosa la wadogo wake. Katika miaka ya 1975 na 1976 huko Mwanza na Shinyanga watu waliokamatwa waliteswa na watumishi wa serikali, na wengine wakafa. Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Yeye hakumpiga mtu, wala si yeye aliyeagiza. Walakini katika mwaka wa 1977 alijiuzulu, kwa kuwa jambo lilitendeka chini ya wizara yake. Hakusema, Mimi sikuwako. Baadaye, mwaka wa 1985, mtu huyo huyo akawa Rais wa nchi. Alikuwa Mwislamu, nasi Wakristo tusione haya kujifunza kwake. Wangapi miongoni mwetu, tukiwa wakuu wa shule, au wenyeviti wa vyama, au wachungaji, kosa likionekana humtafuta kwanza karani wa kulitwika?

Neno la nne, nalo ni gumu kwangu kulisema: hukumu huanza katika nyumba ya Mungu. Mwaka wa 2014 Bunge lilipojadili fedha zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotolewa katika akaunti ya Escrow ya Tegeta iliyokuwa Benki Kuu, katika majina yaliyosomwa ya watu waliopokea walikuwamo hata watumishi wa dini. Kutajwa si kuhukumiwa, nimekwisha kusema. Lakini swali latubaki sisi tuvaao kanzu: tunapopewa, twauliza fedha zimetoka wapi?

Nami nitaungama yangu. Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika niliokuwa nikiutumikia, tulichanga fedha za mabati ya kanisa. Mzee mmoja wa kanisa, mkulima wa tumbaku, aliniuliza katika baraza mbona mabati yaliyoletwa hayalingani na fedha zilizosomwa. Nalikasirika sana. Nikamjibu ya kwamba si vema kumshuku mtumishi wa Mungu. Wenziwe wakainamisha vichwa, naye akanyamaza. Usiku ule sikupata usingizi. Nikawasha taa, nikafungua daftari, nikaona ya kuwa sehemu ya fedha zile nilizitumia kwa nauli ya safari za kazi ya kanisa, wala sikuandika, wala sikumwambia mtunza hazina. Moyoni nilikuwa nimejihesabia haki kwa kuwa safari zilikuwa za kanisa. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya madhabahu nikawaambia watu wote, kisha nikarudisha fedha zile kidogo kidogo. Yule mzee akanijia baada ya ibada, akanishika mkono, akasema, Baba Mchungaji, sikukushitaki. Nalitaka mzigo uonekane tu.

Ndugu, tangu siku ile najua kwa nini wakubwa hukasirika wakiulizwa. Hasira ile si dalili ya nguvu. Ni hofu ya mtu ambaye bado hajalitazama daftari lake mwenyewe.

Tena yeye aulizaye naye hana budi kuulizwa. Mwaka wa 2016 serikali ilitangaza ya kuwa televisheni ya taifa haitaonyesha tena vikao vyote vya Bunge papo hapo, kwa ajili ya gharama. Na mwaka wa 2019, Mkaguzi Mkuu, Profesa Mussa Assad, alipokuwa amesema Bunge lina udhaifu, Bunge lilipitisha azimio la kutofanya kazi naye. Sitaki kuwa mwamuzi wa ugomvi ule. Lakini nawauliza ninyi, kama mshika mizani hataki mizani yake itazamwe, mwenye mzigo atamwendea nani? Paulo aliposimamia changizo la watu wa Yerusalemu hakuzichukua fedha peke yake. Alifuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili pasiwe na lawama, akitunza yaliyo mema mbele za Mungu na mbele ya wanadamu pia. Someni 2 Wakorintho 8. Ikiwa mtume alitaka mashahidi, mbunge na mchungaji ni nani hata wasiwatake?

Basi tufanye nini sisi watu wa vijijini, tulio mbali na Dodoma? Tuanze hapa. Mkutano mkuu wa kijiji ukiitwa, usibaki shambani ukisema hayanihusu. Nenda ukasikilize mapato na matumizi, ukaulize kwa adabu. Katika chama cha ushirika, tumbaku au asali yako ikipimwa, simama penye mizani. Unapokwenda kupiga kura usimtazame aliyekupa kanga au chumvi. Ukichaguliwa wewe, soma hesabu kabla hujaombwa, kama Samweli. Katika usharika, hesabu ya sadaka na ibandikwe mlangoni kila mwezi. Tena tuwaombee watawala wetu na wabunge wetu kwa majina yao, wala si kwa midomo tu.

Na mwisho, nisije nikawaacha chini ya sheria peke yake. Iko siku ambayo sisi sote, mtawala na mkulima, tutaitwa kutoa hesabu, na siku ile hapatakuwa na mtu awezaye kusema kama Samweli ya kuwa mikono yake ni safi kabisa. Daftari zetu zina madeni. Lakini yuko Mmoja aliyeuchukua mzigo usio wake, akapanda nao Golgotha, naye akatulipia. Kwa sababu hiyo Mkristo aweza kufungua daftari lake mbele ya watu. Hatafuti kuhesabiwa haki kwa kuficha, maana amekwisha kuhesabiwa haki kwa neema. Mtu aliyesamehewa hana haja ya giza.

Bwana atujalie viongozi wasioogopa kuulizwa, na watu wanaouliza bila chuki. Naye aanze na sisi.

Amina.