Kikomo cha Chombo



Vijana wetu wa Kigongo wanaokwenda maofisini kujifunza kazi hutakiwa kuandika uwezo wao na upungufu wao. Wengi hujaza habari za uwezo, na mahali pa upungufu hupaacha wazi. Je, kunyamaza huko ni busara au ni uongo?

Sisi tukaao kando ya Ziwa tunalo jibu. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua watu wapatao 100, kilizama karibu na Ukara kikiwa kimechukua zaidi ya mara mbili ya hao, na watu zaidi ya 220 walifariki. Chombo kuwa na kikomo si aibu. Hatari ni kukipuuza. Vivyo hivyo mwanafunzi asemaye "naweza" kwa asichokiweza: makosa yake humwangukia mwananchi aliyeleta hati yake ofisini.

Lakini na sisi wakubwa tujiulize: anayekiri kwetu, tunamfundisha au tunamcheka? Tukimcheka, tumemfundisha kuficha. Musa alipokiri kuwa mzito wa ulimi, Mungu hakumwachisha kazi, bali alimpa Haruni. Basi tuwe akina Haruni kwa vijana hawa.